Ufito wa Ami Awadh

Mtoto wa Barani, pale Malindi, akitumwa dukani miaka ile ya themanini alikuwa na njia mbili. Kulikuwa na duka la Athman kwenye kona ya barabara ya lami, duka kubwa lenye friji, redio ya kaseti na kalenda za mashirika ya ndege ambazo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuzipanda. Athman aliuza kila kitu na alipenda mzaha, ila mzaha wake ulikuwa wa watu wazima. Mtoto akifika pale alipewa chake akaambiwa haya, toka, usinizibie wateja. Na kulikuwa na duka la Ami Awadh, ndani ya uchochoro, lisilokuwa na friji wala kalenda.

Hilo la pili lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mawe, chembamba, chenye giza hata saa sita za mchana, kinachonuka mafuta ya taa, bizari na sabuni ya mche. Ami Awadh alikata sabuni kwa uzi, akapima unga kwa kibaba, akafunga sukari katika kipande cha gazeti alichokikunja pembe kwa vidole bila kukitazama. Ukinunua chochote, hata kiberiti, alitia mkono katika kopo akakupa kipande cha sukari guru. Ukiomba, hupewi. Watoto wote wa mtaa walilijua sharti hilo na walikuwa wakisimama pale mbele yake na nyuso za watu wasiotaka kitu.

Lakini lililomtambulisha hasa ni ufito. Ulikuwa ufito wa mkoko, wa zile zinazojengewa nyumba za udongo, umelainika na kung'aa kwa kushikwashikwa. Muadhini akianza tu, Ami Awadh aliutoa nyuma ya mlango akaulaza juu ya misumari miwili, mmoja kila upande wa mlango, kwa kimo cha kiuno cha mtu mzima. Kisha akavaa makubadhi yake akaenda msikitini. Milango aliiacha wazi, na sukari, mchele na kopo la hela vyote vikabaki vinatazama njia. Ufito ulikuwa na maana moja: nimetoka, narudi. Na hakuna aliyeuvuka. Walevi hawakuuvuka, na mbuzi wa Barani, ambao hawakuwa na adabu hata kidogo, nao hawakuuvuka. Ungemweka askari pale mlangoni asingeheshimiwa hivyo.

Kadii aliletwa Barani mwaka wa themanini na nne, mvua ilipokataa kabisa kule Ganze na hata mihogo ikanyauka. Mamake alimfungia nguo zake katika leso, akampeleka kwa mama mdogo, Mapenzi, aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya watalii na kupanga chumba kwa Bi Shekha. Nyumba ya Bi Shekha ilitazamana na duka la Ami Awadh, upana wa uchochoro tu katikati. Kadii alikuwa na miaka tisa hivi. Shule ilikuwa imeshafika katikati ya mwaka, na mwalimu mkuu alisema mtoto huyo arudi Januari. Kwa hiyo mama mdogo aliondoka alfajiri, akarudi jioni mikono imekunjamana kwa maji ya sabuni, na kati ya alfajiri na jioni Kadii hakuwa na mtu.

Tusiseme uongo, watu wa Barani ni watu wema. Lakini wema wao una mlango wake, na mgeni huchukua muda kuuona uko upande gani. Watoto wa mtaa walimzunguka Kadii siku za mwanzo wakamtaka aseme. Aliposema anataka madzi, kama wasemavyo kwao, walicheka mpaka wakakaa chini. Kwa wiki nzima akipita waliimba madzi, madzi. Kadii akaona hakuna haja ya kusema tena. Alinyamaza, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kitu, kimya chake hakikumsumbua mtu.

Alikaa kwenye baraza ya duka la Ami Awadh kwa sababu ya kivuli tu. Alikuwa na vijiwe vyake vya mdako, akarusha na kudaka peke yake, akajishinda na kujishindia. Mzee hakumfukuza. Alikuwa ndani, juu ya kigoda chake nyuma ya meza, peku, kwani dukani hakuvaa kitu miguuni. Makubadhi aliyavua akayapanga kando ya kizingiti, pua zikielekea nje. Kutoka kwenye kigoda hakuona ila ukuta wa Bi Shekha. Uchochoro wote uliobaki, kushoto na kulia, aliusikia tu.

Siku moja kukapita vishindo.

"Nani huyo?" iliuliza sauti kutoka ndani.

Kadii alitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuulizwa.

"Punda wa madzi," alisema upesi, kwa sababu alijua neno lile la maji lingetoka vipi. Likatoka vile vile. Akangoja kicheko.

"Na mwenyewe?"

"Yuko nyuma. Anakula ndizi."

Hapo Ami Awadh akacheka, lakini alimcheka mwenye punda. "Ndiyo maana maji yake huchelewa," alisema. "Haya, na huyu ajaye?"

Ikawa ndiyo kazi yao, ingawa haikuwa kazi. Nyayo zikisikika, mzee aliuliza nani huyo, na Kadii akatazama akasema. Baadaye Ami akaufanya mchezo: alibashiri kwanza, Kadii akahukumu. Bi Shekha alimjua kwa ndara yake ya kushoto, ambayo huburuzwa. Wavuvi aliwajua kwa kuwa wanatembea upesi wakiwa na samaki na polepole wakiwa hawana. Athman, akija kuomba chenji, alimjua kwa funguo. Mara kwa mara alikosea makusudi ili mtoto apate kumsahihisha.

Siku moja kisimani palipokuwa na kelele za watoto, alimwambia, "Mimi nililetwa hapa kutoka Hadhramauti nikiwa kimo chako. Sikujua neno. Nikasema maji kwa Kiarabu, wakacheka. Wewe wasema madzi, wanacheka. Watu wa hapa wakikosa la kucheka hucheka maji."

Kadii alicheka peke yake usiku mzima wa siku ile, chini ya shuka, mpaka mama mdogo akamuuliza kama ana homa. Hakuwa na homa. Alikuwa na furaha, na hakuwa na mtu wa kumwambia ila yule yule aliyempa.

Ami Awadh naye hakuwa na mtu. Mkewe alifariki zamani, hawakujaliwa mtoto. Alikuwa na mpwa wake Mombasa, Badi, mtoto wa dadake, mwenye duka la spea za magari, ambaye kila Idi alikuja na gari, akala, akamwambia mjomba wake auze hii nyumba, kisha akaondoka. Jioni Ami alipika chai ya tangawizi kwenye jiko la mafuta nyuma ya meza na kuinywa akiutazama ukuta wa Bi Shekha. Kadii alijua hayo kwa sababu alikuwa pale.

Kisha kikatokea kisa cha kijiwe. Adhuhuri moja mzee amekwenda kuswali, ufito uko mahali pake, kijiwe cha mdako kikamponyoka Kadii kikaviringika ndani ya duka. Kadii alipiga magoti barazani, akapitisha mkono chini ya ufito.

"Wee! Toa mkono! Mwizi!"

Alikuwa Bi Shekha, dirishani. Sauti ya Bi Shekha ilikuwa inafika mbali. Watu wakatoka, kila mmoja akamtazama yule mtoto wa bara mwenye mkono ndani ya duka la mtu. Ami Awadh aliporudi alikiona kijiwe, akakiokota, akasema mtoto alikuwa anafuata chake, akacheka. Lakini neno lilishatoka, na neno la namna ile halirudi kwa kicheko cha mzee mmoja. Jioni mama mdogo alimchapa. Kisha akakaa kitandani akalia yeye.

"Sisi hapa tumepanga, Kadii. Ukiuvuka ufito ule tena, Bi Shekha atatutoa. Na nikitolewa hapa, kazi ya hoteli siifikii tena kwa miguu. Tutarudi Ganze wote wawili, na kule unajua wanakula nini."

Kadii alijua. Asubuhi alikaa mwisho kabisa wa baraza, mbali na mlango.

"Sogea," alisema Ami Awadh kutoka ndani. "Ufito ule siuweki kukuzuia wewe. Nauweka watu wajue kuwa narudi."

Alisogea. Lakini tangu siku ile, ukiwekwa ufito, aliweka mikono yake chini ya mapaja.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa kumi, jua limewaka tangu asubuhi. Muadhini alipoanza, Kadii aliingia nyumbani kula ugali wake wa jana, ule wa mahindi ya manjano ya msaada ambayo mji mzima uliyala mwaka ule na mji mzima uliyasema. Aliosha sufuria, akarudi barazani. Ufito ulikuwa umelazwa. Akakaa kivulini akaanza mdako wake.

Watu walirudi msikitini, wakaingia majumbani kupumzika. Mama mmoja alikuja na chupa ya mafuta ya nazi, akauona ufito, akaguna, akaelekea kwa Athman. Mwingine akaja, naye akaenda zake. Uchochoro ukawa kimya. Ndipo Kadii, akiinama kuokota kijiwe, akayaona makubadhi.

Yalikuwa kando ya kizingiti, mahali pake, pua zikielekea nje.

Aliyatazama kwa muda mrefu. Ufito ulisema Ami ametoka. Makubadhi yalisema yumo. Kwa siku zote alizokaa pale, vitu hivyo viwili havikuwahi kuonekana pamoja.

"Ami," aliita, kwa sauti ndogo.

Ndani kulikuwa kimya. Aliita tena. Kisha akavuka uchochoro, akamkuta Bi Shekha kwenye kitanda cha kamba ukumbini, anajipepea.

"Bi Shekha, shikamoo. Ami Awadh hajatoka."

"Marahaba. Ufito uko?"

"Uko."

"Basi ametoka."

"Makubadhi yake yapo."

"Atakuwa amevaa ndara. Mwana wewe, hata viatu vya mtu wavitazama? Hebu nenda kalale, jua kali hili."

Akaenda mpaka kona, kwa Athman. Kulikuwa na wanaume pale wanasikiliza redio. Kadii alisimama mbele ya meza na, kwa mara ya kwanza tangu aje Barani, alisema maneno mengi mbele ya watu wengi: kwamba Ami hatoki, na viatu vipo, na ufito upo, na wakaangalie. Athman alimsikiliza mpaka mwisho, tuseme haki.

"Huyu si yule wa mkono chini ya ufito?" aliwauliza wenzake. "Leo amekuja kuomba kibali!"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na ndiyo maana kicheko chao kilikata kila kitu. Kadii alirudi uchochoroni na machozi ya hasira, akakaa barazani, akatia mikono chini ya mapaja.

Muadhini wa alasiri akaadhini. Wanaume wakapita tena kwenda msikitini, wakauona ufito, wakasema mzee leo ametutangulia. Ndara ya kushoto ikaburuzwa mpaka kisimani, ikarudi. Punda wa maji akapita. Hakuna sauti iliyouliza nani huyo. Kadii aliogopa. Aliogopa kilichoko ndani, akaogopa zaidi dirisha la Bi Shekha, akaiona leso yao imefungwa tena na mama mdogo amesimama nayo barabarani. Aliyaona yote hayo waziwazi, mtoto yule. Kisha akapiga moyo konde, akainama, akapita chini ya ufito.

Ami Awadh alikuwa sakafuni nyuma ya meza, kati ya gunia la mchele na debe la mafuta. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono mmoja haukuwa wake tena. Ule mwingine ulikuwa unakwaruza mchele uliomwagika. Macho yalikuwa wazi yakiutazama mguu wa meza. Aliposikia nyayo za peku, midomo ilihangaika.

"Na... ni... huyo?"

"Ni mimi, Ami. Kadii."

Mkono mzima ukamshika kifundo cha mguu, ukakaza.

Kadii akapiga ukelele. Alipiga ukelele ambao alikuwa ameuweka tangu aondoke Ganze. Milango ikafunguka, watu wakaja mbio, Bi Shekha mbele kabisa, kanga moja begani. Wakafika mlangoni, na hapo, Mungu atusamehe, wakasimama. Ufito ulikuwa mbele yao.

"Toka ndani!" alifoka Bi Shekha. "Nilisema mimi, mwizi huyu! Toka!"

Hawakumwona mzee kwa giza na kwa meza, na hakuna aliyeinama. Kadii alijikokota mpaka mlangoni na mguu ule aliouachanisha na vidole vya Ami kimoja kimoja, akaushika ufito kwa mikono miwili, akautoa kwenye misumari.

"Yumo," alisema. "Ingieni."

Ndipo wakaingia. Athman, ambaye usoni hakuwa na mzaha hata chembe, alifunga duka lake akaleta gari, wakamkimbiza mzee hospitali. Baadaye watu walikaa wakalipanga jambo lilivyokuwa: alikuwa ameshaulaza ufito aende kuswali, kizunguzungu kikamshika, akarudi ndani kunywa maji, akapita chini ya ufito wake mwenyewe na, kwa mazoea, akavua viatu. Ni kiharusi. Daktari alisema angeletwa mapema kidogo ingekuwa afadhali. Neno hilo lilirudi Barani na waliolirudisha, na lilipofika mtaani hakuna aliyelikariri kwa sauti.

Badi alikuja kutoka Mombasa. Siku ya kumchukua mjomba wake walipitia dukani kufunga. Mtaa wote ulitoka. Ami Awadh aliketishwa katika kiti cha mbele cha gari, amefunikwa shuka, mdomo upande. Badi alifunga milango ya duka kwa ufunguo, akakung'uta mikono, akaingia garini. Mzee akaanza kuugonga mlango wa gari kwa mkono wake mzima. Aligonga, akalielekezea duka, akagonga tena. Badi akashuka akajaribu kufuli. Mzee akagonga. Wakamletea maji, akageuza uso. Wakamletea tasbihi yake. Akagonga, na sasa analia, na watu wazima wakatazamana kwa aibu wasijue la kufanya.

Kadii alikuwa nyuma yao. Aliuokota ufito uliokuwa umeegemezwa ukutani, akapita katikati ya mabuibui na kanzu, akaulaza juu ya misumari, mbele ya milango iliyofungwa.

Mkono ukatulia. Ami Awadh alimtazama, akasema kitu ambacho hakikuwa neno. Gari likaondoka.

Baada ya hapo Barani ilikuwa nzuri kwa Kadii. Bi Shekha alimletea kaimati bila kusema ni za nini, akamsamehe mama mdogo kodi ya mwezi mmoja. Watoto waliacha kuimba. Watu wakipita walimwita kwa jina lake. Lakini yeye hakuwa anataka kuitwa, alikuwa anataka kuulizwa. Alikaa barazani kila siku, mgongo kwenye mlango uliofungwa, na nyayo zikisikika alisema kwa sauti ya chini, "Huyu ni mwenye punda, Ami. Leo ana miwa." Mama mdogo alimkuta siku moja, akamwambia mlango hauna masikio. Kadii akaegemea palepale. Mlango ulikuwa na ufito, na ufito alikuwa ameulaza yeye mwenyewe, na maana yake alikuwa ameambiwa na mwenyewe.

Upweke wake sasa ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza, maana ule wa kwanza haukuwa na sura ya mtu. Aliuvumilia kwa sababu ulikuwa na mwisho. Mvua za vuli zikanyesha hata Ganze. Ukaingia Mfungo Sita, mitaa yote ikawa na maulidi, kila jioni dufu na kila mchana harufu ya pilau. Siku moja Bi Shekha alimvukia uchochoro na sahani iliyofunikwa kawa.

"Kula, mwanangu," alisema, akamshika kichwa, akakaa kidogo kama mtu aliyetaka kuongeza neno. "Kula, uombe dua."

Ilikuwa pilau ya nyama, yenye zabibu kavu. Mwaka ule nyama ilikuwa adimu. Kadii aliila palepale barazani, akaramba vidole, akaifuta sahani kwa kidole cha shahada mpaka ikang'aa. Akamwambia mlango kwamba mwaka huu pilau ya maulidi ina zabibu, na akajisemea kuwa Ami akirudi atamwambia tena, kwa kirefu.

Januari akaanza shule. Alirudi mchana mmoja, sare mpya imemkwaruza shingo, akakuta gari la mizigo limeziba uchochoro. Badi alikuwa mlangoni na wachukuzi wawili. Kadii alifika wakati Badi anauvuta ufito kwenye misumari. Badi aliutumia kukwangulia utando wa buibui juu ya mlango, kisha akautupa chini, kwenye takataka za gazeti na maboksi.

"Usiutoe," alisema Kadii. "Hajarudi."

Badi akageuka. "Nani?"

"Ami."

Badi alimtazama, akamtazama na Bi Shekha aliyekuwa ametoka kusimamia mambo, kama alivyosimamia kila kitu uchochoroni. Bi Shekha akaweka mkono mdomoni.

"Ya Rabi. Hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Ami Awadh amefariki, mwanangu. Tangu Mfungo Sita. Alizikwa huko huko Mombasa. Sisi hapa tukamsomea hitima." Akaitazama baraza. "Ile sahani niliyokuletea ilikuwa ya hitima yake. Mimi nilijua mamako mdogo ameshakwambia."

Mama mdogo, alipoulizwa jioni, alisema alijua Kadii ameambiwa na wenye mtaa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hapo mlangoni siku zote. Athman alisema yeye alipokuwa akimsikia anasema na mlango, alijua mtoto ana msiba wake, akaona asimwingilie. Kila mtu alijua mwenzake amesema. Tangazo lilisomwa msikitini, Athman akalisema dukani kwake, wanawake wakalisema kisimani, na mtoto ambaye mzee alimshika mguu alikuwa amekaa pale katikati yao anamngoja.

Lakini hayo ya jioni ni ya jioni. Pale mlangoni Kadii hakulia. Alikuwa anakumbuka ladha ya zile zabibu. Aliikumbuka ikamjaa mdomoni, akakumbuka alivyoifuta sahani kwa kidole, akaona haya, akaona chuki kwa sahani, kwa Bi Shekha na kwa tumbo lake mwenyewe lililofurahi. Angeambiwa, angelia kama watu wanavyolia. Sasa siku ya kulia ilikuwa imepita, na yeye alikuwa ameila.

Wachukuzi walitoa gunia, madebe, meza. Kigoda kilitoka mwisho. Badi aling'oa na misumari, akaitia mfukoni, akasema nyumba imeuzwa, na aliyeinunua atakuja kesho kutia milango mipya. Gari likaondoka, mtaa ukaingia ndani kupumzika. Duka likabaki wazi kabisa, tupu mpaka ukuta wa nyuma, bila ufito, bila kitu cha kumzuia mtu yeyote. Kadii hakuingia. Aliuokota ufito kwenye takataka akakaa barazani, akaulaza mapajani.

Jua lilipoanza kurudi nyuma ya nyumba, nyayo zikasikika kutoka upande wa kisima. Ndara ya kushoto ilikuwa inaburuzwa. Kadii alingoja. Alingoja kama alivyozoea, masikio yake yakiwa nyuma yake, gizani, pale ambapo palikuwa na kigoda.

"Ni Bi Shekha, Ami," alisema.

Bi Shekha alilisikia jina lake. Akasimama na ndoo yake mkononi, akamtazama mtoto, akautazama na mlango ulio wazi. Alifungua mdomo. Kisha akabadili ndoo mkono, akapita.